Jino la Waweru

Watu wa Kianyaga hawaijui kiu. Kule maji hukufuata mpaka mlangoni. Hupita chini ya majani chai na mibuni, na mtoto akitumwa mtoni hurudi kabla uji haujachemka. Kwa hiyo Kinyua alipowaambia majirani kwamba ameamua kuwa mchimba visima, walimcheka hadi machozi. Mmoja akamkumbusha kwamba mchimba kisima huingia mwenyewe. Kinyua akamwuliza kwani alitaka aingie nani, chifu? Kisha akamchukua mkewe, Njoki, akapakia vyombo vyake kwenye pikapu ya kukodi, wakauzunguka mlima mpaka upande wa Nanyuki, ambako mawingu hukaa kileleni siku nzima yakiwatazama watu bila kuwapa kitu. Huko hakuna anayemcheka mchimba kisima.

Njoki ndiye aliyekuwa mshika mpini. Wenyeji walipomwona mara ya kwanza, mwanamke mwembamba wa gambuti na sweta, amesimama kwenye winchi huku mumewe akining'inia gizani, walidhani ni mzaha. Lakini Kinyua alikuwa na sharti moja ambalo hakumlegezea mtu: kibarua hashiki mpini. Kibarua akipigiwa simu atageuka kuipokea, na chai ikiitwa ataitikia. "Mimi nikiwa huko chini ni mzigo," alizoea kusema, "na mzigo unashikwa na mwenyewe." Basi Njoki alimshusha asubuhi, akapandisha udongo ndoo kwa ndoo kutwa nzima, na jioni akampandisha yeye. Kwa miaka waliyofanya hivyo, mikono yake ilikuwa imemjua Kinyua kuliko macho yalivyomjua. Kwa uzito tu aliweza kusema kama mumewe ameamka na kula viazi au amekunywa chai ya rangi na kuondoka.

Winchi yenyewe ilikuwa kuukuu, masalio ya machimbo ya mawe huko Nyeri. Ilikuwa na giya mbili: ndogo, iliyozungushwa na mpini, na kubwa, iliyozungusha gogo la chuma lenye kamba. Anayedhani chuma hakipindi hajawahi kukaa nacho karibu. Jino la giya likibeba mzigo huinama, kidogo mno, chini ya unene wa unywele. Likishamkabidhi mwenzake huinuka tena na kusimama kana kwamba halikubeba kitu. Meno hupokezana hivyo, kama vibarua wa mjengo wanaopitishiana karai la kokoto: huyu anainama, anapokea, anapitisha, anainuka. Shida huanza siku mmoja anapoinama asiinuke.

Mwaka uliopita jino moja la giya kubwa lilikatika. Njoki ana kaka yake, Waweru, fundi wa kuchomelea pale mjini Nanyuki, na Waweru si fundi wa kubahatisha. Aliliunda jino jipya tone kwa tone kwa welding, akalikaanga mpaka likawa jekundu kama kaa la moto, akalirudia, akaliacha lipoe, akalirudia tena, kisha akalikata kwa tupa huku akilipima kwa kipande cha kadibodi alichochora kutoka kwa meno mengine. Lilipokwisha, mafundi wa vibanda vya jirani walikuja kulitazama. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini Waweru hakutia maji popote. Kosa lake lilikuwa la bidii, na kosa la bidii ni gumu kuliona kwa sababu linang'aa.

Kazi iliyowavunja, kama watu wanavyosema sasa, ilikuwa ya Deeqa. Huyu alikuwa mjane mfanyabiashara wa mifugo, mwenye boma nje ya mji kwenye barabara ya Doldol, ambako mbuzi na ngamia walisubiri wanunuzi na kunywa maji ya kuletwa kwa lori. Alitaka kisima chake mwenyewe kabla ya kiangazi kingine. Kinyua alikuwa ameshachimba hadi kina ambacho ukiinama mdomoni mwa kisima huoni mtu, unaona kofia tu, tena ukijua pa kutazama.

Asubuhi ile ndoo zilianza kupanda zikiwa nzito, na udongo ulikuwa mweusi. Njoki alipoufinya uliacha unyevu kiganjani. Kisha sauti ya Kinyua ikapanda, ya mtu anayejaribu kuficha furaha na kushindwa.

"Mama Ngendo, mwambie Mama Deeqa aanze kutafuta mitungi. Ati hakuna maji huku. Iko."

Ngendo ni binti yao wa pekee, aliyebaki Kianyaga kwa nyanya yake. Njoki akacheka, akamwita Deeqa, naye akatoka jikoni na unga wa mikate ya anjera mikononi. Muse, msimamizi wa boma, akaja na wachungaji wake wawili. Waweru naye alikuwepo. Alikuwa ameleta sururu aliyoitia makali, akabaki kidogo, kama kawaida yake, kulikagua jino lake na kulipaka grisi.

Walikuwa wamesimama hivyo, watu wenye raha zao, waliposikia kitu kimeanguka chini kabisa kama gunia linalotuliwa sakafuni kwa uchovu. Kamba ikatetemeka. Kisha Kinyua akalia mara moja, akanyamaza.

"Baba Ngendo," Njoki akaita.

Akainama mdomoni.

"Kinyua."

"Niko." Sauti ilikuwa na kikohozi. "Ukuta imeanguka. Miguu imeshikwa mpaka hapa kwa kiuno. Na maji imekuja, Mama Ngendo. Imekuja mingi."

Maji waliyoyatafuta majuma yote yale yalikuwa yametoboa ukuta yenyewe, yakauangusha juu ya mtu aliyekuwa akiyatafuta. Kinyua alikuwa amevaa mshipi wake, ule uliotengenezwa kwa mikanda ya viti vya lori na kushonwa na fundi viatu, na hakuwahi kuuvua akiwa chini; ndoano ya kamba, iliyokuwa imeshuka kungoja ndoo, alikuwa ameshainasa humo. Kwa hiyo hakuna aliyekuwa na shaka kwamba atatoka. Ilikuwa ni kuvuta tu.

Na hapo ndipo wema ulipoharibu mambo. Kabla Njoki hajaikaza kamba, Muse na wale wachungaji wawili waliurukia mpini. Walikuwa wanaume wa kuangusha madume ya ng'ombe kwa mikono. Wakamsukuma Njoki pembeni kwa heshima zote na kuvuta kwa pamoja kama wanaong'oa mti. Kamba ikakazika mpaka ikalia. Kinyua akapiga ukelele kutoka chini, ukelele ambao Njoki hakuwahi kuusikia kwake hata zamani, siku alipovunjika mguu. Nayo winchi ikatoa mlio mwembamba, mrefu, kisha kitu kikasema tak.

"Wachilieni. Mnamkata." Njoki alimpiga Muse mgongoni kwa ngumi. "Wachilia, nimesema."

Wakaachia. Ulimi wa chuma unaozuia mpini usirudi nyuma ukaanguka mahali pake, na kila kitu kikasimama.

Wote walikimbilia kulitazama jino la Waweru. Waweru mwenyewe ndiye aliyetangulia, akalifuta grisi kwa kidole gumba. Lilikuwa limesimama wima, zima, bila hata mkwaruzo. Akashusha pumzi. Halafu Njoki akaona kidole chake kimeteleza kwenda kwenye jino la pili na kukwama hapo. Akakipeleka upande mwingine, kikakwama tena. Meno ya pembeni, yale yaliyotoka nayo kiwandani, yale ambayo hakuna aliyewahi kuyatilia shaka, yalikuwa yamelala upande kama mahindi baada ya upepo.

"Ni nini?" Njoki akauliza.

Waweru akayapapasa tena yote mawili.

"Ni mimi," akasema. "Ile moto nilipatia hii jino, ilipita ikaingia kwa majirani zake. Hii yangu ikawa ngumu, hizo zingine zikalegea. Nilizipika, dada. Nilizipika na sikujua."

Kwa udongo wa ndoo yalikuwa yametosha. Hata kwa Kinyua mwenyewe yalikuwa yametosha, kwa sababu mtu mmoja anayening'inia si mzigo wa kutisha. Lakini mtu aliyeshikwa na matope hadi kiunoni hana uzito wake tu. Ana uzito wa ardhi yote inayomng'ang'ania. Na ule ulimi wa kuzuia ulikuwa kwenye mhimili wa mpini, si kwenye gogo la kamba. Hata Njoki akikaa chini kupumzika, meno hayapumziki.

Deeqa alikuwa ameshapiga simu mjini kuomba watu wa kuzima moto. Wakamwambia wako njiani, maneno ambayo katika nchi hii Mungu pekee ndiye anayejua urefu wake. Akamgeukia Njoki.

"Mama Ngendo, gari iko. Tufunge kamba kwa gari, ivute."

"Gari haisikii," Njoki akasema. "Itamkata katikati na dereva hatajua. Na kamba itakwaruza huu mdomo, udongo wote umwangukie."

"Basi nishuke mimi na koleo," Waweru akasema.

Kinyua alikuwa anawasikia. "Mtu asishuke," akasema kutoka chini. "Hakuna nafasi ya miguu mbili zaidi. Na hii ukuta ingine inapumua. Muthoni, kaa huko."

Alimwita Waweru hivyo siku zote, muthoni, yaani shemeji, hata walipokuwa wakitaniana; naye Waweru akageuza uso ili watu wasimwone.

"Maji imefika wapi?" Njoki akauliza.

"Kwa tumbo."

Njoki aliliangalia giya kwa macho ya mtu anayemtazama adui aliyemlisha nyumbani kwake. Meno mabovu yalikuwa yameshikana na giya ndogo wakati ule ule, mzigo wote juu yao. Upande wa pili wa duara kulikuwa na meno mazima, yamekaa bure, yakitazama. Hasira aliyoisikia haikuwa na pa kwenda. Na ndani ya hasira hiyo akaona njia.

"Waweru. Kama kamba ingekuwa fupi, si hawa wabaya wangepita kabla haijakazika?"

Waweru akageuka. Akaitazama giya, akaitazama kamba, midomo ikimcheza. "Wangepita bila mzigo," akasema. "Halafu wazima ndio washike."

"Baba Ngendo," Njoki akaita, "nakupatia kamba kidogo. Ifupishe hapo juu ya ndoano, ipige fundo, urefu wa mikono yako miwili. Halafu uniambie."

Akauinua ulimi, akalegeza. Chini kukawa na mchapo wa maji na pumzi za mtu anayefunga fundo kwa vidole vilivyokufa ganzi, maana maji ya mlima ni baridi hata mchana wa jua. Muda ukapita ambao Njoki aliuhisi mgongoni.

"Vuta," Kinyua akasema.

Akavuta. Meno mabovu yakaja, yakapita yakilialia, chuma juu ya chuma, lakini yakapita. Kisha yakaja mazima na kamba ikakazika, na Njoki akaweka kifua chake juu ya mpini na kusukuma kwa mwili wote, polepole, akisikiliza kwa viganja. Kitu kikaachia. Kidogo tu, kama gugu linapoanza kuamua kung'oka.

"Imesonga," Kinyua akasema, na sauti yake ilikuwa na uhai. "Mama Ngendo, imesonga. Vuta hivyo hivyo."

"Alhamdulillahi," Deeqa akasema kwa sauti ndogo, na Muse akarudia. Njoki alibana midomo. Aliogopa kwamba akifungua mdomo nguvu zitatokea hapo.

Lakini giya ni duara, na duara halina huruma. Ukiwapa wazima zamu yao, wagonjwa wako nyuma yao wanakuja. Gogo lilipozunguka, yakarudi yale yaliyolala, na safari hii mzigo ulikuwa juu. Jino la giya ndogo halikuingia kwenye pengo lake. Lilitua juu ya kichwa cha lile lililopinda na kusimama hapo likitetemeka. Njoki akaliona lile lililopinda likizidi kulala. Aliliona kwa macho yake, chuma kikienda taratibu kama mtu mzee anayekaa. Akasimama, akaudondosha ulimi.

Ikabidi warudie. Legeza, funga, vuta. Matope yakamrudisha Kinyua kiasi kila kamba ilipolegea, na maji yakampanda kila mara alipokuwa akifunga. Mara ya pili alipata kutoka kidogo kuliko ya kwanza. Maji yalikuwa kifuani. Njoki alijua hesabu hiyo inakwenda wapi na alikataa kuifanya. Alimwomba Mungu kwa Kikuyu, kisha akamkaripia, kisha akamwomba tena msamaha na kuendelea kuzungusha.

Waweru ndiye aliyeona ufa. Winchi ilisimama kwenye mbao nne zilizolazwa ukingoni, na kila kamba ilipokazika, winchi nzima ilivutwa kuelekea mdomoni. Sasa nyuma ya visigino vya Njoki ardhi ilikuwa imechanika, mstari mwembamba uliopinda kuzifuata mbao toka mwanzo hadi mwisho. Alipouona, mstari ulikuwa na upana wa kidole.

"Dada," akasema, "toka hapo."

"Nyamaza."

"Ardhi inaenda. Angalia nyuma yako. Toka."

"Nyamaza, Waweru. Atasikia."

Waweru akamshika sweta kwa nyuma. Njoki akajitikisa, mkono ukamwachia. Muse aliyeuona ufa naye hakungoja kuambiwa. Alikimbia kuelekea zizi la mbuzi kuleta kamba ya kumfunga Njoki kiunoni, na Deeqa akaenda kando akafunika mdomo kwa shela. Punje za udongo zilikuwa zikidondoka kutoka chini ya mbao ya mbele. Njoki alizisikia zikigonga maji, na alijua kwamba yeye akizisikia, kuna mwingine anayezisikia kwa karibu zaidi.

"Njoki," Kinyua akasema.

Kazini hakuwa akimwita jina. Kazini alikuwa Mama Ngendo.

"Naam."

"Umesimama wapi?"

"Nyuma. Kwa hii mbao ya nyuma."

"Udongo inaanguka huku."

"Ni mimi nimepiga teke. Ni kidogo."

"Umesimama vizuri?"

"Vizuri kabisa. Funga haraka, tuvute tena."

Kinyua alikuwa ametazama ule mdomo wa kisima kutoka chini kwa miaka, kisima baada ya kisima, asubuhi hadi jioni. Alijua jinsi winchi inavyotakiwa kukaa kwenye ule mduara wa mwanga kuliko mtu anavyojua picha ya arusi yake. Sasa ilikuwa imeinama, na juu yake palikuwa na kichwa cha mwanamke ambaye hangeuachia mpini. Kama ni kuanguka angeanguka nao ukiwa mkononi.

"Sawa," akasema. "Nilegezee basi. Nifunge vizuri sasa."

Njoki akauinua ulimi, akalegeza. Winchi ilipoachiwa mzigo ikarudi nyuma kidogo na kutulia, na ule ufa ukajifumba. Akasubiri. Alisikia maji yakichapwa, kikohozi, kisha mlio mdogo wa chuma ambao hakuutambua.

"Umefunga?"

"Nafunga."

"Maji iko wapi?"

"Iko sawa. Usiniharakishe." Kisha, baada ya pumzi kadhaa, "Haya. Vuta, Mama Ngendo. Vuta polepole na usisimame. Ukisikia imeachia, usisimame. Endelea tu."

Akavuta. Meno mabovu yakaja yakapita. Yakaja mazima, na kamba ikakaza kidogo, na Njoki akaweka kifua kwenye mpini ajitayarishe kupigana na ardhi, na ardhi haikupigana. Mpini ulikwenda. Ulizunguka mpaka gogo likamaliza duara, yakaja yale yaliyolala, akafumba macho, nayo yakapita, yakilialia kidogo kama kawaida, jino la Waweru katikati yao limesimama kama askofu. Ukazunguka tena.

"Imetoka," Waweru akasema. "Ametoka kwa matope. Dada, zinapita. Zinapita na mzigo, ona." Alikuwa analia waziwazi, mtu mzima, mkono wake umeshika fremu ya winchi kana kwamba ni shingo ya ng'ombe aliyepona. "Zimekubali. Mungu ni mkubwa, zimekubali."

Deeqa akanyoosha mikono juu. Mmoja wa wachungaji akaanza kucheka. Muse akarudi akikimbia na kamba ya zizi na kusimama nayo mkononi, akiona haihitajiki tena.

Njoki alizungusha. Mtu aliyetoka kuvuta mlima, ukimpa gunia la mahindi ataona ni unyoya. Hivyo ndivyo alivyojiambia. Alijiambia kwamba maji yanambeba Kinyua ndiyo maana ni mwepesi. Akajiambia kwamba mikono yake imechoka na haijui tena inachopima. Lakini mikono ilikuwa imejua tangu mzunguko wa kwanza. Ilijua kama mama anavyojua kitanda cha mtoto hakina mtu kabla hajawasha taa. Aliendelea kwa sababu aliambiwa asisimame, na kwa sababu maadamu mpini unazunguka na kamba inapanda, lilikuwa bado ni jambo ambalo halijatokea. Kila aliyemtazama alidhani machozi yake ni ya furaha, akamwacha alie.

Kamba ilikuwa ndefu. Aliipandisha yote.

Mshipi ukatoka kwenye giza ukizunguka polepole kwenye ndoano, ukidondosha maji. Waweru aliutazama kama mtu anayesoma maandishi ya lugha asiyoijua, kisha akainama mdomoni na kumwita muthoni wake. Akaita tena, kwa jina lake la ubatizo, Hezekiah, ambalo hakuna aliyelitumia. Njoki alikuwa ameuachia mpini na kupiga hatua ya mbele kuushika mshipi, na hapo ndipo mbao ya mbele ilipoteleza. Muse alimdaka kiunoni akamtupa nyuma na wakaanguka pamoja. Mbao ikaenda peke yake. Walingoja, na sauti iliyorudi haikuwa ya ubao ukigonga matope wala mawe. Ilikuwa ya maji, maji ya kina, mengi ya kutosha ngamia wote wa Deeqa.

Deeqa alikaa chini pale pale kwenye vumbi na nguo zake nzuri. "Sikutaka," akasema. "Wallahi, haya sikutaka."

Mshipi ulikuwa mikononi mwa Njoki. Alikuwa ameondoka nao alipovutwa, na ndoano yake. Aliugeuza. Mikanda haikuwa imekatika mahali. Nyuzi za fundi viatu zilikuwa nzima, zote. Mtu aliyechomoka kwenye mshipi kwa kuvutwa huuacha umepinduka, au umepasuka, au na kipande cha shati. Huu ulikuwa umefunguliwa na mtu aliyejua kuufungua, ukavuliwa, kisha kile kifungo cha chuma kikarudishwa mahali pake na kubanwa sawasawa, chini ya maji, kwa vidole vyenye ganzi, ili usining'inie na kunasa ukutani, ili upande bila kusimama mpaka juu, na kamba isimvute tena mwenye kuupandisha, yeye na winchi yake, kuingia kisimani.

Waweru akapiga magoti mbele yake. Hakujua afanye nini na mikono yake, mikono iliyozoea kutengeneza vitu. Akainyoosha kuuchukua mshipi, auvue kwenye ndoano, akaanza kukibonyeza kifungo.

"Wacha," Njoki akasema. "Hiyo amefunga yeye."

Waweru akarudisha mkono.